Kiwanda kikongwe cha bunduki kinavyoweza kuinuka tena

Tarehe 14 Juni 2015 kampuni ya Colt Defense ya West Hartford, Connecticut, ilikwenda mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake. Miaka sita baadaye, Mei 2021, Colt ilinunuliwa ikiwa nzima na kundi la Česká zbrojovka la Jamhuri ya Czech kwa dola milioni 220 taslimu, na hisa juu yake. Remington, iliyoanza Ilion, New York, mwaka 1816, ilipita mahakamani mara mbili, 2018 na 2020. Mara ya pili ilikatwa vipande, na biashara yake ya bunduki, ukiitoa chapa yake ya Marlin, iliuzwa kwa dola milioni 13 tu.

Zote mbili zilikuwa na majina ambayo kila mwindaji wa Marekani anayajua tangu utotoni. Kwa hiyo jina si jibu. Waswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini hata chema hakiwezi kujiuza kama hakuna fedha za kununulia chuma cha kukitengenezea. Watu wanaoijadili biashara hii hukimbilia kusema "watoe bastola mpya". Kwa maoni yangu bastola mpya kabisa ni kitu cha mwisho. Kabla yake kuna fedha za wiki hii, kuna deni, na kuna kazi ndefu isiyo na sifa ya kuitengeneza upya bunduki ambayo watu tayari wanaitafuta, safari hii kwa michoro inayosema kweli.

Wiki 13

Kazi ya kwanza hufanywa kwenye karatasi. Chora jedwali la wiki 13, safu moja kwa kila wiki. Juu andika fedha zitakazoingia, kwa jina la kila msambazaji na kwa tarehe anayolipa kweli, si ile iliyoandikwa kwenye ankara. Chini andika zitakazotoka: mishahara, chuma, sehemu zinazonunuliwa nje, umeme, bima, pango, riba, ushuru. Kila Ijumaa linganisha ulichotarajia na kilichotokea, kisha sogeza jedwali mbele kwa wiki moja. Kampuni iliyozoea kujipima kwa robo mwaka hailioni shimo la wiki ya 6 mpaka imeshatumbukia, na kwa kawaida hugundua siku mbili kabla ya mishahara.

Mstari wa ushuru unahitaji jicho la pekee. Serikali ya Marekani hutoza asilimia 10 kwa bastola na rivolva, na asilimia 11 kwa bunduki ndefu na risasi, na anayelipa ni mtengenezaji. Bastola yenye bei ya kiwandani ya dola 500 kabla ya ushuru ina dola 50 za serikali juu yake. Sasa fikiria kiwanda kinampa msambazaji siku 90 za kulipa ili achukue mzigo mapema kabla ya msimu wa uwindaji. Serikali haingoji siku 90. Kiwanda kikubwa hupeleka malipo ya ushuru huo kila nusu mwezi. Ukisukuma bastola 10,000 kwa mtindo huo ili robo mwaka ionekane imenona, umetoa dola 500,000 mfukoni mwako kabla mteja hajakulipa hata senti. Silaha zinazonunuliwa na jeshi la Marekani, na zile zinazosafirishwa nje ya nchi, hazitozwi ushuru huu. Ndiyo maana kampuni iliyoishi miaka mingi kwa mikataba ya jeshi ikigeukia soko la raia hujikuta inauza zaidi na fedha zinapungua.

Mstari mwingine unaobadilika bila hodi ni wa wauza malighafi. Anayekuuzia chuma akisikia fununu kwamba unayumba, anaacha kukupa siku 30 na kuanza kudai fedha mkononi. Kiwanda kilichokuwa kinaendeshwa na mkopo wake wa bure sasa kinapaswa kulipia mzigo wa zamani na mpya kwa pamoja. Hapa ukweli husaidia kuliko kujificha. Nenda kwa wauzaji kumi ambao bila wao laini ya uzalishaji inasimama, waoneshe jedwali, na mkubaliane ratiba. Kama kesi ya Sura ya 11, yaani ya kuomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai, inakaribia, waambie pia kwamba sheria inaupa kipaumbele cha malipo mzigo uliopokewa ndani ya siku 20 kabla ya kesi kufunguliwa. Muuzaji anayejua hilo ana sababu ya kuendelea kuleta.

Remington ndiyo funzo chungu zaidi la jambo hili. Ilirudi mahakamani tarehe 27 Julai 2020, katika mwaka ambao ukaguzi wa wanunuzi katika NICS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kuchunguza rekodi ya mtu kabla hajauziwa bunduki, ulifika takribani milioni 39.7, kutoka milioni 28.4 mwaka uliotangulia. Wateja walikuwa wanapanga foleni madukani. Kampuni ilikuwa na soko zuri kuliko wakati wowote wa historia yake, ila haikuwa na fedha za kuendeshea kazi kiasi cha kununua malighafi na kujaza oda. Sijui mfano bora zaidi wa kumwonesha mtu kwamba kampuni haifi kwa kukosa wateja peke yake.

Deni

Mwaka 2009 Colt Defense iliuza hatifungani za dola milioni 250 kwa riba ya asilimia 8.75, zilizopaswa kulipwa 2017. Piga hesabu: riba peke yake ni karibu dola milioni 21.9 kwa mwaka. Tuseme kila karabini, yaani bunduki fupi ya kijeshi, inakuachia dola 100 baada ya gharama zake zote. Unahitaji kuuza karabini 218,750 kila mwaka ili kulipa riba tu, bila kugusa mtaji uliokopwa wala kununua mashine moja. Mwaka 2013 jeshi la nchi kavu la Marekani liliipa kampuni ya FN, si Colt, mkataba wa karabini 120,000 za M4 wenye thamani ya dola milioni 77 hivi, yaani kama dola 640 kwa kila moja. Ukiweka namba hizo mbili mezani pamoja, hauhitaji mshauri kukuambia mwisho wake. Novemba 2014 Colt ilikopa dola milioni 70 kutoka Morgan Stanley wakati malipo ya riba yanakaribia. Mei 2015 ikashindwa kulipa awamu iliyofuata. Anayekopa ili alipe riba ameshafilisika. Kinachobaki ni kuchagua tarehe.

Dawa ya deni ni kulipa, na likiwa halilipiki, dawa ni kuligeuza kuwa umiliki. Wenye hatifungani wanaachia sehemu ya wanachodai na kuchukua hisa, wamiliki wa zamani wanapoteza karibu kila kitu, na mtu anaweka fedha mpya. Colt ilitoka mahakamani Januari 2016 ikiwa imepunguza deni kwa takribani dola milioni 200 na kupata mtaji mpya wa kama dola milioni 50. Hizo 50 ndizo muhimu. Wengi husifu zile 200 kwa sababu ni namba kubwa, lakini deni lililofutwa halinunui chuma.

Linganisha na Remington ya 2018. Iliingia mahakamani Machi na kutoka Mei, haraka sana kwa sababu mpango ulikuwa umekubaliwa kabla, na deni lililopungua lilizidi dola milioni 775. Miaka miwili baadaye ikarudi. Ilipotoka mahakamani 2018 soko lilikuwa limelegea, maduka yamejaa, na Aprili 2018 Bank of America ilitangaza kwamba haitawakopesha tena wanaowatengenezea raia bunduki za mtindo wa kijeshi. Kukata deni kulisafisha vitabu, lakini viwanda vilikuwa vilevile, orodha ya bidhaa ni ileile, na sifa ya ubora iliyoharibika ilikuwa palepale.

Kuhusu muda mahakamani: fupi ni nzuri, ila si fupi kiasi kwamba hujamaliza kuchambua mikataba yako. Sura ya 11 inakupa nafasi ya kuikataa mikataba inayokuumiza. Kwa jengo la kupanga una siku 120 za kuamua, na mahakama inaweza kukuongezea 90. Kiwanda cha West Hartford kilikuwa cha kupanga na mkataba wake ulikuwa unakaribia kuisha mwaka huohuo wa 2015, kwa hiyo mwenye nyumba alikuwa na sauti karibu sawa na ya wadai. Kuhamisha kiwanda cha silaha si sawa na kuhamisha ghala. Leseni ya mtengenezaji imefungwa kwenye anwani, mashine zikishang'olewa lazima zisawazishwe upya, na mafundi wenye familia hawahami. Ukiwa bado na nguvu ya kujadiliana, saini mkataba mrefu wa jengo kabla ya kuanza kugombana na wenye hatifungani.

Chama cha wafanyakazi nacho kikae mezani tangu siku ya kwanza, na kioneshwe vitabu. Mgomo wa Colt ulianza 1986 na kuendelea hadi 1990; katikati yake, mwaka 1988, mkataba wa bunduki ya kijeshi ya M16 ulikwenda FN. Mwaka 1990 kundi la wawekezaji liliinunua kampuni, na mfuko wa pensheni wa jimbo la Connecticut ukaweka dola milioni 25. Mwaka 1992 kampuni ikafilisika. Miaka minne ya ugomvi ilikula zaidi ya nyongeza yoyote ya mshahara ambayo ingeombwa.

Michoro na mikono

Hapa ndipo napenda kukaa, kwa sababu hapa ndipo viwanda vikongwe hufa bila mtu kuandika cheti.

Kiwanda cha miaka mia moja kina michoro ya kila sehemu. Tatizo ni kwamba sehemu zinazotoka kwenye mashine hazifanani na michoro, na zimekuwa hazifanani kwa miongo. Mwaka fulani mashine ilichakaa, fundi akajifunza kuizidishia kidogo upande wa kushoto. Mwingine akagundua kwamba ndoano inayotoa ganda la risasi ikipigwa tupa mara tatu inakaa vizuri. Hakuna aliyeandika. Bunduki ilitoka nzuri kwa sababu ya watu hao, na mhasibu aliyetazama kwa mbali alidhani imetoka nzuri kwa sababu ya michoro.

Marlin ilionesha gharama ya kutojua hivyo. Remington iliinunua mwishoni mwa 2007, kisha ikafunga kiwanda cha North Haven, Connecticut, na kupeleka mashine Ilion. Mafundi wengi hawakwenda. Bunduki za mkono wa kuvuta zilizotoka baada ya hapo zilikuwa na mbao zisizokaa sawa na chuma, vilengeo vilivyopinda, na mitambo iliyokwama. Wapenzi wa Marlin wakaanza kutafuta za zamani na kuzikwepa mpya. Mwaka 2020 Ruger, kampuni nyingine ya bunduki, ilinunua Marlin kwa dola milioni 28.3 na ikafanya kitu kinachohitaji ujasiri: haikuuza kitu kwa mwaka mzima. Ilihamishia kazi Mayodan, North Carolina, ikachora upya sehemu, ikapanga uzalishaji kwa mashine za kisasa zinazoongozwa na kompyuta, na Desemba 2021 ikatoa modeli moja tu, 1895 SBL ya risasi za .45-70. Nyingine zilifuata polepole. Jina lililokuwa limegeuzwa tusi likawa tena jina la kusubiriwa foleni.

Kwa kiwanda chako mwenyewe, utaratibu ni huu. Chagua modeli moja. Chukua bunduki 20 au 30 zilizotengenezwa vizuri katika vipindi mbalimbali, zifungue, na upime kila sehemu. Andika kipimo halisi pembeni ya kipimo cha mchoro. Panapotofautiana, muite fundi mkongwe, na ikibidi mstaafu umlipe kwa siku, umuulize kwa nini. Ukishajua kipi kinaifanya bunduki ifanye kazi, badili mchoro, weka kiwango cha tofauti kinachoruhusiwa ambacho mashine yako inaweza kukishika, na utengeneze geji ya kupimia papo hapo kwenye mashine badala ya kungoja mkaguzi wa mwisho. Kazi hii kwa modeli moja huchukua miezi, na wenye fedha watalalamika. Waoneshe hesabu ifuatayo.

Sehemu inapita hatua saba. Kila hatua inatoa asilimia 97 nzuri kwa mara ya kwanza, namba ambayo meneja yeyote angeiona inaridhisha. Zidisha 0.97 mara saba: unapata karibu 0.81. Yaani katika kila sehemu 100 zilizoanza, 19 zimerudiwa au zimetupwa, na zile zilizorudiwa ndizo zinazojaza meza za mafundi, kuchelewesha oda na kufungia fedha katika bunduki ambazo zimekamilika isipokuwa kwa kitu kimoja. Ukipandisha kila hatua hadi asilimia 99, unapata 93. Hakuna mashine mpya iliyonunuliwa, na kiwanda kimepata nafasi ya kutengeneza zaidi kwa watu walewale.

Python ya Colt ni mfano mzuri wa kuifanya kazi hii hadi mwisho. Rivolva hiyo ilianza 1955 na ikasifiwa kwa ulaini wa kifyatulio chake. Katika rivolva, silinda lazima ijifunge mahali pake kabla nyundo haijaanguka. Python ya zamani ilikuwa na kidole cha chuma kinachoendelea kuisukuma silinda dhidi ya kifungio chake mpaka risasi inatoka. Hiyo ndiyo siri ya ukazaji wake, na pia ya kuchakaa kwake: kidole kikilika kidogo, silinda inachelewa kujifunga. Kuoanisha sehemu hizo kulihitaji fundi mwenye tupa na miaka mingi ya mazoezi, na kampuni ilipoishiwa mafundi hao ikaishiwa Python. Ilipoirudisha Januari 2020 ilikuwa imechorwa upya kwa chuma kisichoshika kutu, fremu imenenepeshwa chini ya kilengeo cha nyuma, na sehemu zimepungua 14. Bei iliyotangazwa ilikuwa dola 1,499. Kabla yake ilitoka Cobra mwaka 2017, ndogo na rahisi, na King Cobra mwaka 2019. Mpangilio huo nauona wa busara kuliko hata bunduki yenyewe. Kiwanda ambacho kwa zaidi ya miaka kumi hakikuwa kimeuza rivolva za aina hiyo kilianza na ile ambayo kosa lake lisingekiua, kikajifunza, kisha kikagusa jina takatifu.

Kinyume chake ni R51 ya Remington. Bastola hiyo ilitoka 2014, ikasifiwa ikiwa ya majaribio, na zilizofika madukani zikawa na hitilafu nyingi kiasi kwamba uzalishaji ulisimamishwa na wanunuzi wakaombwa kuzirudisha. Ya majaribio hutengenezwa na mafundi bora kwa muda wote wanaoutaka. Inachothibitisha ni kwamba wazo linawezekana, si kwamba laini iko tayari. Kabla ya kutangaza, toa bunduki kama 200 kutoka kwenye laini ileile, kwa watu walewale na kwa mwendo uleule utakaotumika baadaye, ufyatulie zote, na uzifungue zilizogoma. Ukitangaza tarehe kwanza, tarehe ndiyo itakayoamua kama bunduki iko tayari.

Kuna onyo moja kuhusu kupunguza gharama. Mwaka 1964 Winchester ilibadili Model 70 na Model 94 ili zitengenezwe kwa bei nafuu: sehemu za chuma kilichochongwa zikabadilishwa kuwa za bati lililopigwa muhuri, na michoro ya mbaoni iliyokuwa ikikatwa kwa chombo ikawa ya kukandamizwa. Wanunuzi waliona mara moja, na mpaka leo bunduki za kabla ya 1964 zinauzwa kwa bei ya juu zaidi. Punguza gharama pale ambapo mkono na jicho la mnunuzi havifiki: idadi ya vishikizo kwenye mashine, umbali sehemu inaotembea ndani ya kiwanda, aina za skrubu, rangi kumi na mbili za modeli ileile. Usiguse kifyatulio, ukaaji wa mbao, wala mng'aro wa chuma.

Nani ananunua

Mkataba wa jeshi unalevya. Watu husoma gazetini kwamba kampuni imepata mkataba wa "hadi" dola milioni kadhaa na kudhani fedha ziko njiani. Mikataba mingi ya namna hiyo haitaji kiasi kamili. Serikali inaahidi kununua kiwango cha chini tu, na kile kilichoandikwa juu ni dari. Panga kiwanda kwa kiwango cha chini. Ukipanga kwa dari, utaajiri watu na kununua mashine kwa oda ambazo huenda zisije, kama ilivyowakuta wengi baada ya vita vya Iraki na Afghanistan kupungua.

Soko la raia nalo hupanda na kushuka kwa siasa. Ukaguzi wa NICS ulikuwa milioni 27.5 mwaka 2016 na ukashuka hadi milioni 25.2 mwaka 2017, baada ya uchaguzi wa Novemba 2016 kuwaondolea wanunuzi hofu ya masharti mapya ya silaha, huku viwanda vikiwa vimejaza maghala vikitarajia uende upande mwingine. Ukaguzi mmoja si bunduki moja iliyouzwa, lakini mwelekeo wake unatosha kukuonya. Namba bora zaidi ni ile ya bunduki zako zinazotoka kwa wasambazaji kwenda madukani. Ruger huitoa namba hiyo kwenye taarifa zake za robo mwaka pamoja na kiasi kilichobaki kwa wasambazaji, na ningependa kila kampuni ifanye hivyo. Kama umesafirisha zaidi ya kilichotoka kwa robo mwaka mbili mfululizo, punguza zamu sasa. Punguzo la bei unalotoa ili kusukuma zaidi unaliiba kutoka robo mwaka ijayo.

Septemba 2019 Colt ilisimamisha utengenezaji wa raifo za AR, zile za mtindo wa kijeshi, kwa raia. Mitandao ililaani. Ulikuwa uamuzi sahihi: soko lilikuwa limejaa bunduki za aina hiyo kutoka kwa watengenezaji wengi, bei ilikuwa imeporomoka, na mashine na watu walihitajika kwa oda za kijeshi na polisi. Kuacha kutengeneza kitu kinachokutambulisha ni vigumu, hasa kwa kampuni ambayo ndiyo iliyonunua haki za AR-15 kutoka kampuni ya ArmaLite mwaka 1959. Lakini bunduki isiyokuachia faida inakula chuma, zamu na nafasi ya ile inayokuachia.

Halafu kuna uaminifu wa mteja, ambao hauonekani kwenye jedwali lolote. Kampuni ya Tomkins ya Uingereza iliinunua kampuni ya bastola ya Smith & Wesson mwaka 1987 kwa dola milioni 112.5. Machi 2000 Smith & Wesson ilisaini makubaliano na serikali ya Clinton kuhusu usalama na uuzaji wa bastola, na wanunuzi wakaisusa. Mei 2001 iliuzwa kwa dola milioni 15 pamoja na madeni yake. Mtu anaweza kuwa na maoni yake kuhusu makubaliano hayo. Kwa mtu anayeokoa kampuni, jambo la kushika ni kwamba wauzaji wa rejareja na wateja hawakushirikishwa wala kuandaliwa, na mwaka mmoja ulitosha kufuta thamani ya miongo. Kilichoirudisha baadaye ni bidhaa, hasa bastola za M&P zilizoanza 2005, ambazo polisi na raia walizikubali.

Mnunuzi

Mara nyingi kampuni iliyotoka mahakamani huwa mikononi mwa wenye hatifungani wa zamani, na hao si watengenezaji wa bunduki. Watauza. Kazi yako katika miaka hiyo michache ni kuhakikisha kinachouzwa ni kampuni, si jina na lundo la mashine. Česká zbrojovka ilipoitazama Colt iliona kiwanda kinachofanya kazi Connecticut, kingine Kitchener, Ontario, kinachohudumia jeshi la Kanada, mikataba hai, na rivolva ambazo maduka yalikuwa yakizisubiri. Mnunuzi mwenyewe alikuwa mtengenezaji, na alihitaji hasa vitu hivyo. Mwaka 2022 kundi zima likajiita Colt CZ.

Waliokuja kununua Remington mwaka 2020 walikuta vitu vinavyoweza kutenganishwa, na wakavitenganisha. Vista Outdoor ilichukua kiwanda cha risasi cha Lonoke, Arkansas, pamoja na alama ya biashara, kwa dola milioni 81.4. Ruger ilichukua Marlin, Sierra ikachukua Barnes, Franklin Armory ikachukua Bushmaster. Oktoba mwaka huo wafanyakazi 585 wa Ilion waliachishwa kazi. Kampuni mpya ya bunduki, RemArms, ilifungua tena sehemu ya kiwanda na kurudisha baadhi yao, kisha ikahamishia shughuli zake LaGrange, Georgia. Kiwanda cha Ilion kilifungwa Machi 2024, na kazi ya kumpima fundi wa miaka 40 akishika tupa, kuandika anachofanya na kukiweka kwenye mchoro, haiwezi tena kufanyika pale.